Natafuta kazi ya kwanza, maombi hayajibiwi: nirekebishe wapi?

mhitimu_biashara aliuliza:

Habari zenu wakuu. Nina diploma ya utawala wa biashara na natafuta kazi ya kuanzia: karani wa ofisi, msaidizi wa mhasibu, huduma kwa wateja, utunzaji wa stoo. Karibu kila tangazo linataka uzoefu wa mwaka 1 au 2, nami nilichonacho ni mafunzo kwa vitendo tu. CV yangu ina kurasa 3, imetengenezwa kwa kiolezo cha rangi chenye safu 2, na ndiyo hiyohiyo ninayoituma kila mahali. Simu hazipigwi.

Naomba kujua mambo matatu. Je, niombe kazi zinazotaka uzoefu nisio nao? CV ya mtu ambaye hajawahi kuajiriwa iweje? Na kuna kitu ninachoweza kufanya nikiwa nyumbani, bila kulipia kozi, kikanitofautisha na wenzangu wenye cheti kama changu? Naomba hatua ambazo naweza kuanza nazo wiki hii.

mchambuzi_maombi:

Ndugu, swali la kwanza ndilo jepesi: omba. Ila soma tangazo ukitenganisha masharti ya lazima na yale ambayo mwajiri anayatamani tu. Leseni, cheti cha taaluma, lugha fulani, zamu za usiku, hayo ni ya lazima. Kama huna, usipoteze muda. Lakini "uzoefu wa mwaka 1 au 2" kwenye kazi ya ngazi ya chini mara nyingi maana yake ni kwamba mwajiri hataki mtu wa kufundishwa kila kitu kuanzia sifuri. Kama majukumu mengi yaliyotajwa umeshayagusa, hata kwenye mafunzo, tuma. Tangazo likitaka miaka 5, au likitaja watu utakaowasimamia, achana nalo hata kama cheo kimeandikwa "msaidizi".

Sasa kabla hujarekebisha chochote, jua unakwamia wapi. Kama hupigiwi simu kabisa, tatizo liko kwenye CV, kwenye barua, au kwenye aina ya kazi unazoomba. Mazoezi ya usaili hayatakusaidia kwa sasa. Kama unaitwa kwenye mtihani wa mchujo na unaishia hapo, tatizo ni ujuzi. Kama unafika mbele ya jopo mara kwa mara na hupati ofa, hapo ndipo uangalie namna unavyojibu. Fungua laha moja ya Excel, weka tarehe ya kuomba, jina la mwajiri, cheo, tangazo ulilionea wapi, toleo la CV ulilotuma, na hatua uliyofikia. Hifadhi na tangazo lenyewe kwa kulinakili zima, maana matangazo mengi huondolewa baada ya siku ya mwisho, na ukiitwa utahitaji kulisoma upya usiku wa kuamkia usaili.

Kwa maelezo yako, unakwamia mwanzoni kabisa. Waajiri wengi wakubwa hupokea maombi kwa programu inayoichambua CV na kuigawa kwenye visanduku: jina, simu, elimu, kazi. CV ya safu 2 inaweza kusomwa mstari kwa mstari kuvuka safu zote mbili, hivyo neno la kushoto likaungana na la kulia na kutoa sentensi isiyo na maana. Maandishi yaliyo ndani ya picha hayasomwi kabisa na programu nyingi, na yale ya kwenye kijajuu na kijachini (sehemu za juu na chini kabisa ya ukurasa) huenda yakarukwa. Zile nyota na vipau vya "Excel asilimia 80" navyo ni picha, na hata kwa binadamu havisemi kitu, kwa sababu hakuna anayejua asilimia 80 ya nini.

Jaribio lake ni la dakika 2. Fungua PDF yako, chagua maandishi yote, nakili, kisha bandika kwenye Notepad au programu yoyote ya maandishi matupu. Unachokiona pale ndicho programu inachoelekea kukiona. Mpangilio ukivurugika, jenga CV upya kwenye ukurasa mweupe: safu 1, vichwa vya kawaida kama "Elimu", "Uzoefu" na "Ujuzi", herufi za ukubwa wa 11 hivi, pambizo za sentimita 2, bila majedwali. Ukurasa 1 unatosha kwa mhitimu, 2 ndio mwisho. Hali ya ndoa, dini na tarehe ya kuzaliwa visiwemo isipokuwa tangazo limeviomba.

Sehemu yenye uzito kuliko zote ni namna unavyoyaandika mafunzo kwa vitendo. Hapa ndipo wahitimu wengi wanapojiangusha. Wanaandika: "Nilisaidia idara ya uhasibu." Mchambuzi haelewi ulisaidia nini, huenda ulikuwa unatoa nakala tu. Linganisha na hii: "Niliingiza ankara 30 hadi 40 kwa siku kwenye mfumo, nikalinganisha kila moja na oda ya ununuzi pamoja na hati ya kupokelea mzigo, na kumrudishia msimamizi zenye tofauti." Kazi ni ileile, lakini sasa anayesoma anaona kwamba unajua malipo hayafanyiki mpaka hati hizo tatu zikubaliane. Kila mstari uwe na kitendo, kiasi, na chombo ulichotumia au matokeo yaliyopatikana. Kama hukuhesabu, weka makadirio ambayo unaweza kuyatetea ukiulizwa. Usibuni namba, kwa sababu swali la pili kwenye usaili huwa "ulifanyaje?", na hapo uongo hauna pa kujificha.

Pia acha kutuma CV moja kila mahali. Tengeneza CV mama yenye kila kitu ulichowahi kufanya, hata ikifika kurasa 4, ukae nayo mwenyewe. Kwa kila tangazo punguza ubakize yanayohusika, na tumia maneno ya tangazo pale yanapokuwa kweli kwako. Wakiandika "usuluhishi wa hesabu za benki" (kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki), na wewe andika hivyo badala ya "kazi za benki". Ukishazoea, ombi moja litakuchukua dakika 30 hadi 45. Na kuna ushauri unaosambaa wa kuficha maneno ya tangazo kwa herufi nyeupe chini ya ukurasa: usifanye. Programu ikitoa maandishi, hayo yaliyofichwa yanatokea wazi, na wewe unaonekana mdanganyifu.

mkufunzi_ofisi:

Naongezea kwenye swali la tatu, la kufanya nyumbani. Jibu langu ni Excel pamoja na hesabu ndogo za ofisi, kwa sababu kwa kazi ulizotaja mtihani wa mchujo mara nyingi hulalia hapo. Karibu kila mwombaji huandika "Excel" kwenye CV, na wengi wao hukwama wakipewa laha chafu walisafishe.

Tengeneza laha ya mauzo ya kubuni yenye mistari 300 hivi: tarehe, namba ya mteja, bidhaa, idadi, bei, tawi. Laha ya pili iwe na orodha ya wateja na namba zao. Kisha ichafue kwa makusudi: rudia mistari kadhaa, ongeza nafasi tupu mwishoni mwa majina, andika tarehe kwa mitindo 2 tofauti, weka namba chache kama maandishi. Sasa isafishe. Hapo utakutana na makosa yote yanayowaangusha watu:

VLOOKUP (fomula ya kutafuta thamani kwenye orodha nyingine) inaleta jina la mteja asiyehusika. Sababu yake ni kwamba kipengele cha nne kikiachwa, Excel inatafuta thamani ya kukaribiana na kuchukulia kuwa orodha imepangwa kwa mfuatano. Weka FALSE au 0 ili itafute inayolingana kabisa.

Fomula inaleta #N/A (yaani haijapata inachotafuta) wakati namba unaiona kwa macho yako. Mara nyingi upande mmoja ni namba na upande wa pili ni maandishi, au kuna nafasi tupu mwishoni. Tumia TRIM kuondoa nafasi na VALUE kugeuza maandishi kuwa namba.

Namba za simu zinapoteza sifuri ya mwanzo. Ibadilishe safu iwe ya maandishi kabla ya kuingiza data. Ukibadilisha baadaye, sifuri hairudi yenyewe.

03/04 inasomwa tarehe 3 mwezi wa 4 kwenye kompyuta moja na tarehe 4 mwezi wa 3 kwenye nyingine. Angalia mpangilio wa kompyuta kwanza, ndipo upange kwa tarehe.

Ukimaliza hapo, jibu maswali kwa SUMIFS (kujumlisha kwa masharti), COUNTIFS (kuhesabu kwa masharti) na PivotTable (jedwali la muhtasari): tawi gani limeuza zaidi kila mwezi, wateja gani hawajanunua tangu tarehe fulani. Jipime kwa saa. Ukiweza kusafisha laha na kujibu maswali 5 ndani ya dakika 45 bila kutafuta msaada, uko tayari kwa mitihani mingi ya ngazi hii.

Kwa upande wa uhasibu, fanya usuluhishi wa benki hata kwa data ya kubuni. Andika daftari la fedha la mwezi mmoja na taarifa ya benki ya mwezi huohuo, kisha weka tofauti za kweli: hundi ambazo hazijawasilishwa benki, fedha zilizopelekwa siku ya mwisho ambazo bado hazijaingia, makato ya benki ambayo daftari halina. Makato yanaandikwa kwenye daftari. Hundi na fedha zilizo njiani zinabaki kwenye taarifa ya usuluhishi tu. Wanaoanza huchanganya hapo na kuandika kila tofauti kwenye daftari. Jingine la kukariri: tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki inaashiria tarakimu zilizopinduliwa, kwa mfano 540 kuandikwa 450, ambapo tofauti ni 90. Kama si hivyo, igawe kwa 2, kisha tafuta kiasi hicho. Huenda kimeandikwa upande usio wake. Ukiyataja hayo mbele ya mhasibu mkuu atajua umeshawahi kuketi na hesabu.

Kwa kazi ya stoo, zoezi ni kadi ya bidhaa yenye kilichoingia, kilichotoka na salio, pamoja na hesabu ya kulinganisha salio la kadi na idadi iliyoko rafuni. Huduma kwa wateja ni kuandika: chukua malalamiko 10 ya kubuni, jibu kila moja kwa mistari 5 au 6 ukitaja tatizo, utakachofanya, na lini.

Weka kazi hizi kwenye CV chini ya kichwa "Kazi za mazoezi", na useme wazi kuwa data ni ya kubuni. Faili zihifadhi mahali unapoweza kuzifungua haraka ukiombwa. Kwa saa 1 au 2 kila siku, wiki 4 zinatosha kufika mahali pazuri.

mhitimu_biashara:

Asanteni sana wakuu. Nimefanya jaribio la kunakili: tarehe za chuo zimehamia kwenye shule ya sekondari, na namba ya simu iliyokuwa ndani ya mchoro haikutokea kabisa. Naijenga upya leo. Maswali ya nyongeza: wadhamini niwaweke nani ikiwa sijawahi kuajiriwa? Na ni sawa kuiandikia kampuni ambayo haijatangaza nafasi?

mdau_ajira:

Ni sawa, na kwa ofisi ndogo naona ndiyo njia bora kuliko kukesha kwenye tovuti za ajira. Ofisi ya watu 10 au 20 inaweza isitangaze kabisa. Inauliza wafanyakazi wake kama kuna mtu wanayemfahamu. Hivyo sikubaliani na wanaotuma maombi 20 kwa siku mtandaoni. Maombi 5 hadi 8 kwa wiki yaliyoandaliwa vizuri, pamoja na ujumbe 3 au 4 kwa watu halisi, yana faida zaidi.

Barua pepe kwa kampuni isiyo na tangazo iwe fupi kiasi cha kusomeka bila kusogeza skrini ya simu. Mfano:

"Ndugu Meneja, nimehitimu diploma ya utawala wa biashara na nimefanya mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha malipo, nikishughulikia ankara na usuluhishi wa benki. Nimeona mmefungua tawi la pili, nikadhani huenda kazi ya kuingiza ankara imeongezeka. Kama mnahitaji msaidizi, hata kwa muda wa mwisho wa mwezi, niko tayari kuanza mara moja. CV yangu ya ukurasa mmoja nimeiambatisha. Natanguliza shukrani."

Sentensi ya pili ndiyo inayofanya kazi. Inaonyesha umeitazama kampuni yao na umewaza shida yao. Ukiitoa, barua inaweza kutumwa popote, na mpokeaji analiona hilo. Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya siku 7 za kazi, kisha endelea na wengine.

Wahitimu wenzako waliotangulia mwaka 1 au 2 ni hazina usiyoitumia. Usiwaombe kazi, kwa sababu hawana mamlaka ya kuitoa na ombi hilo linawafanya wakukwepe. Waulize mtihani wa mchujo kwao huwa wa namna gani, wanatumia mfumo gani wa hesabu, na maombi yanapokelewa na nani. Ni maswali ya dakika 10 kwenye simu. Nafasi ikitokea, mtu aliyekujibu vizuri atakukumbuka mwenyewe.

Wadhamini: msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo awe wa kwanza, mhadhiri aliyesimamia kazi yako ya utafiti au mradi awe wa pili, na wa tatu mtu aliyekuona ukifanya kazi ya kujitolea. Ndugu wa damu hapana. Waombe ruhusa kwanza, kisha kila unapoorodheshwa watumie ujumbe wenye cheo ulichoomba, jina la mwajiri, na mambo 2 ambayo ungependa wayataje. Mdhamini anayepigiwa simu ghafla na kusema "yupi huyo?" anaweza kuiharibu nafasi ambayo ilikuwa imeshafika mkononi.

Kuhusu kutuma: kichwa cha barua pepe kiwe na cheo na namba ya kumbukumbu ya tangazo. Usiache sehemu ya ujumbe ikiwa tupu huku umeambatisha faili. Andika mistari 4 au 5. Faili ipewe jina lako na cheo, si "CV mpya ya mwisho 2". Kama wameomba vyeti katika PDF moja, panga barua, CV, kisha vyeti, na vichanganue kwa dpi (kipimo cha ukali wa picha) 150 hadi 200 ili faili isiwe nzito. Picha za vyeti zilizopigwa mezani zikiwa na kivuli cha mkono hazipendezi. Programu za kuchanganua kwa simu zinanyoosha kingo na kuondoa kivuli.

mlinzi_wa_haki:

La haraka: mwajiri wa kweli hakuombi pesa ya fomu, ya mafunzo, ya sare wala ya "kuharakisha faili". Ofa iliyokuja bila usaili wowote, barua pepe ya bure isiyolingana na tovuti ya kampuni, na haraka ya "lipa kabla ya saa 10 jioni", mojawapo ikitosha, simama. Tafuta namba ya kampuni kwa njia yako mwenyewe, usitumie ile waliyokutumia, upige uulize. Na usitume picha ya kitambulisho au maelezo ya akaunti ya benki kabla ya kuwa na mkataba ulioandikwa. Neno la siri hutakiwi kulitoa wakati wowote, hata ukishaajiriwa.

mchambuzi_maombi:

Kwa kuwa CV inajengwa upya, nimalizie na usaili ili ukiitwa usianze kuhangaika.

Andaa visa 5 kutoka mafunzo, chuo na kujitolea: ulipokosea ukarekebisha, ulipofanya kazi na mtu mgumu, ulipobanwa na muda, ulipojifunza kitu kipya haraka, ulipogundua kosa la mwingine. Kila kisa kiwe na sehemu nne: hali, jukumu lako, hatua ulizochukua, matokeo. Jumla dakika 1 na nusu hadi 2. Kosa la kawaida ni kumaliza dakika nzima kwenye hali, halafu hatua zikapata sentensi moja. Zaidi ya nusu ya muda iende kwenye hatua, na useme "nili-" pale ulipofanya wewe. Anayesema "tuli-" mwanzo hadi mwisho anaacha jopo likijiuliza yeye alifanya nini. Jirekodi kwa simu, sikiliza, punguza.

"Tueleze kuhusu wewe" hawaulizi ulizaliwa wapi. Jibu kwa sekunde 60 hadi 90: umesomea nini, umewahi kufanya kazi gani inayofanana na hii, na kwa nini nafasi hii. Kwenye swali la udhaifu, taja kitu cha kweli ambacho si moyo wa kazi hiyo na unachokifanya kukirekebisha. Msaidizi wa mhasibu akisema hazingatii mambo madogomadogo amejifungia mlango mwenyewe.

Mshahara: tafuta mapema kiwango cha kazi kama hiyo kwa kuwauliza hao waliotangulia, kisha taja kati ya kima na kima, kile cha chini kikiwa unachoweza kuishi nacho. "Chochote mtakachonipa" hakikupi kazi haraka zaidi, na ukishaingia ni vigumu kupanda.

Usaili ukiwa kwa video, kamera iwe usawa wa macho, mwanga utokee mbele yako, tumia spika za masikioni, na uingie dakika 10 kabla. Weka simu ya pili au kifurushi cha akiba karibu, na namba ya mwandaaji iwe imeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu mtandao ukikatika hutaweza kuisoma kwenye mwaliko.

Wakikuuliza kama una swali, uliza mtu wa nafasi hii anatarajiwa awe amemudu nini ndani ya miezi 3 ya kwanza, na majibu yatatolewa lini. Iandike tarehe watakayokutajia kwenye ile laha yako. Ikipita siku 2 au 3 kimya, tuma ujumbe mmoja wa mistari 3 kuulizia, na maombi mengine yasisimame ukisubiri.